Jinsi ya kupima njia za kutoa methani kwenye mgodi wa makaa ulio chini ya msitu wa umma

Kama umewahi kufungua ripoti ya athari za mazingira ya mgodi wa makaa ya mawe ulio chini ya msitu wa umma huko Marekani unajua ilivyo, kurasa na kurasa, ramani, majedwali, na mahali fulani katikati kuna aya mbili zinasema methani itaachiwa hewani kwa sababu ya usalama wa wachimbaji, basi, wanahamia kwenye habari za ndege na udongo. Mi naandika kwa ajili ya hizo aya mbili. Nataka ukizikuta ujue maswali ya kuuliza, uweze kupiga hesabu mwenyewe kwenye simu, na ujue njia ipi inafaa wapi, maana mara nyingi wanachokiita ulinganisho ni njia moja imeelezwa kwa urefu alafu nyingine nne zimefukuzwa kwa sentensi moja moja.

Mfano nitakaoushika ni Bonde la North Fork kule Colorado, karibu na miji midogo ya Paonia na Somerset, ambako mgodi wa West Elk unachimba chini ya msitu wa taifa wa Gunnison. Kesi zake zimefika mahakamani zaidi ya mara moja kwahiyo makosa yako wazi, mtu anaweza kujifunza kwayo.

Anza kwa kutenganisha maswali mawili

Swali la kwanza, je gesi itoke mgodini? Itoke, hamna mjadala. Methani ikichanganyika na hewa kwa kiwango cha kati ya asilimia 5 na 15 inalipuka, na watu wa milima ile wanalijua hilo kwa majina ya waliowazika. Tarehe 15 Aprili 1981 mgodi wa Dutch Creek namba 1 karibu na Redstone, hukohuko Colorado, ulilipuka wakafa wachimbaji 15. Tarehe 5 Aprili 2010 Upper Big Branch kule West Virginia wakafa 29. Ndo maana kanuni za MSHA, shirika la usalama migodini, zinataka methani ikifika asilimia 1 pale watu wanapofanya kazi vifaa vya umeme vizimwe, ikifika 1.5 watu watoke. Usiandike maoni yanayosomeka kama vile unataka gesi ibaki chini pamoja na wachimbaji, hakuna atakayekusikiliza tena na atakuwa na haki.

Swali la pili ndo letu, gesi ikishafika juu kwenye mdomo wa bomba inafanywa nini? Hapo mchimbaji ameshapona. Iachiwe, ichomwe, iendeshe jenereta, kwa mtu aliye chini mita mia kadhaa kinachomhusu ni kwamba imetoka na kwamba hakuna moto unaoweza kurudi ndani ya bomba. Ripoti nyingi zinayachanganya haya maswali mawili, zinachukua jibu la la kwanza (lazima itoke) zinalifanya jibu la la pili (lazima iachiwe hewani). Ukiona sentensi ya namna hiyo piga mstari chini yake kwa kalamu nyekundu, hapo ndipo maoni yako yote yatakapoegemea.

Jua gesi inatokea mlango gani

Hapa nitakaa kidogo maana watu wengi wanaruka halafu baadaye hesabu zinawagomea. Mgodi kama West Elk unachimba kwa ukuta mrefu: mashine inapita mbele ya ukuta wa makaa inaukata kama unavyokata mkate, juu ya watu kuna vyuma vikubwa vinabeba dari, ukuta ukisogea vyuma navyo vinasogea, na dari iliyobaki nyuma inaachwa ianguke. Kile kilichoanguka, mawe na vumbi na makaa yaliyosalia, nitakiita kifusi. Dari ikianguka mwamba wa juu unapasuka, na gesi iliyokuwa imefungiwa kwenye tabaka za makaa za juu na za chini inakimbilia kwenye kifusi. Kwahiyo gesi nyingi haitoki hata kwenye makaa yanayouzwa, inatoka kwa majirani zake.

Inatoka kwa milango mitatu. Wa kwanza ni shimo la hewa, feni kubwa inavuta hewa ya mgodi mzima, methani humo ni kidogo sana kwa asilimia, kwa kawaida chini ya 1, lakini hewa yenyewe ni nyingi mno kwahiyo jumla yake inaweza kuzidi milango mingine yote. Wa pili ni visima vinavyotobolewa kutoka juu ya ardhi, vinaishia juu kidogo ya tabaka la makaa, vinasubiri, ukuta ukipita chini yake dari inaanguka na kisima kinaanza kunyonya gesi ya kifusi. Wa tatu ni matundu marefu ya kulala yanayotobolewa ndani ya makaa kabla hayajachimbwa, kutoka ndani ya mgodi wenyewe au kwa mtambo wa juu unaopindisha tundu lake, na gesi ya humo ndo safi kuliko zote kwa sababu haijakutana na hewa ya mgodi.

Msitu unaumizwa zaidi na mlango wa pili. Hebu jione umesimama kwenye kiwanja cha kisima kimoja: ni sehemu ya mteremko iliyosawazishwa kwa katapila katikati ya miti ya aspen, kuna kokoto, kuna shimo la matope ya kutobolea, kuna barabara mpya ya udongo inayopanda mpaka hapo ili lori la mtambo lipite. Katikati limechomoza bomba la chuma lenye vali, pembeni pampu ya kunyonya juu ya trela, kifaa cha kuzuia moto usirudi chini, na bomba la wima linaloelekea juu. Methani haina rangi haina harufu. Unasikia muungurumo tu, na ukitazama juu ya mdomo wa lile bomba unaona hewa inatetemeka kama juu ya lami saa nane mchana. Kisima hicho kitafanya kazi miezi kadhaa, pengine mwaka au miwili, alafu ukuta umeshasogea, wanahamia kingine, na kingine, na kila kimoja na kiwanja chake na kipande chake cha barabara.

Shika hii ya maisha mafupi ya kisima, tutairudia.

Tafuta namba nne kwenye ripoti

Kabla hujabishana na mtu yeyote tafuta: gesi inatoka kiasi gani kwa siku, asilimia ngapi yake ni methani, kwa muda gani, na kwa mlango upi. Namba hizi lazima ziwe kwa kila mlango peke yake. Ripoti ikikupa jumla ya mgodi mzima bila kutenganisha shimo la hewa na visima huwezi kulinganisha chochote, kwa sababu njia inayofaa kwa gesi ya asilimia 80 haifai kabisa kwa hewa ya asilimia 0.5.

Kama hazimo usikate tamaa. Migodi ya chini ya ardhi inayotoa methani futi za ujazo milioni 36.5 au zaidi kwa mwaka iliwekwa chini ya mpango wa kuripoti gesi joto wa EPA, shirika la mazingira la Marekani, na takwimu zinaanzia 2011, unaweza kuangalia mgodi ulio jirani unaochimba tabaka lilelile. MSHA nao wanapima methani wanapokagua.

Sasa hesabu. Ripoti za Marekani zinatumia futi za ujazo, kwahiyo kumbuka kitu kimoja tu: methani futi za ujazo milioni 1 ni mita za ujazo kama 28,300, na uzito wake ni karibu tani 19. Chukua mfano wa visima ambavyo kwa pamoja vinatoa methani futi milioni 1 kwa siku, kwa mwaka hiyo ni tani 7,000 hivi. Methani ya ardhini ina nguvu ya kupasha joto karibu mara 30 ya kaboni dayoksaidi ukipima kwa miaka 100, na karibu mara 83 ukipima kwa miaka 20, hizo ni namba za 2021 za IPCC, jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa. Kwahiyo ukiiachia hewani umetoa sawa na tani 210,000 za kaboni dayoksaidi kwa kipimo cha miaka 100, au karibu tani 580,000 kwa kipimo cha miaka 20.

Ukiichoma je? Tani moja ya methani ikiungua inatoa tani 2.75 za kaboni dayoksaidi. Tuseme mwenge unaunguza asilimia 98, zile mbili zinaponyoka. Zilizoungua zinakupa tani 18,900 hivi, zilizoponyoka zinahesabiwa mara 30 zinakupa 4,200, jumla karibu 23,000. Kutoka 210,000 mpaka 23,000, na hujazalisha hata wati moja ya umeme. Mtu akikuambia kuchoma gesi hakuna maana kwa sababu bado kunatoa kaboni dayoksaidi mwekee hii hesabu mbele yake, taratibu, bila kugombana.

Na dai vipimo vyote viwili, miaka 20 na miaka 100. Methani inakaa angani karibu miaka 12 tu, makali yake yote yako mwanzoni, ukipima kwa miaka 100 peke yake unayapaka maji.

Njia zenyewe, na mahali kila moja inapokwama

Kuachia hewani ndo rahisi na ndo iliyozoeleka, hilo tuliseme wazi. Haina mitambo mingi, mafundi wameizoea, na asilimia ya methani ikiyumba hakuna kinachoharibika. Lakini iandike kwenye jedwali kama njia mojawapo yenye gharama zake, usiiache ikae pale juu kama msingi ambao wengine wote lazima wajieleze mbele yake.

Mwenge, yani kuichoma palepale, mi naona ndo kipimo cha kwanza cha kila ripoti. Huhitaji mnunuzi, huhitaji laini ya umeme, huhitaji bomba la maili ishirini, na mitambo inaweza kukaa juu ya trela ikahama na kisima, na hapo ile habari ya maisha mafupi ya kisima inaacha kuwa sababu ya kukataa. Tatizo lake la kweli ni asilimia. Gesi ya kifusi mwanzoni inaweza kuwa methani asilimia 80 au zaidi, halafu kadiri kisima kinavyonyonya hewa ya mgodi inaingia na asilimia inashuka. Ukikaribia ile 15 uko mlangoni mwa mlipuko, kwahiyo mitambo inawekewa kikomo cha juu zaidi, mara nyingi 25 au 30, ikishuka hapo mwenge unazima wenyewe. Swali la kuuliza basi ni hili: katika maisha yote ya kisima gesi inakuwa juu ya kikomo kwa muda gani? Kama ni nusu ya muda basi nusu ya hesabu yako inabaki, na bado ni nyingi. Uliza pia vizuia moto viko vingapi na viko wapi, kipimo cha oksijeni kipo au hakipo, na nani anaangalia usiku.

Kuna hofu ya moto wa msitu na hiyo usiidharau, tuko kwenye miti na kiangazi cha Colorado ni kikavu kweli. Lakini kuna mwenge wa wazi, ule wa ndimi za moto zinazoonekana, na kuna mwenge uliofunikwa ambao moto unawaka ndani ya pipa kubwa la chuma. Ripoti ikisema tu mwenge ni hatari kwa msitu bila kusema ni upi kati ya hiyo miwili, haijamaliza kazi.

Jenereta. Hapa mfano uko bondeni humohumo, mgodi wa Elk Creek pale Somerset. Mwaka 2012 gesi yake ilianza kuendesha injini za megawati 3, kampuni ya Vessels Coal Gas ndo ilijenga, kampuni ya kuteleza kwenye theluji ya Aspen ikaweka hela, na umeme ukanunuliwa na Holy Cross Energy. Uchimbaji wa makaa pale ulikuja kusimama lakini gesi haikusimama, mgodi ukifungwa bado unapumua miaka mingi kama haujajaa maji. Kwa makadirio ya haraka methani futi milioni 1 kwa siku inaweza kubeba kama megawati 4. Colorado wenyewe mwaka 2013 walipitisha sheria ya SB 13-252 iliyoiweka methani ya migodi kwenye orodha ya nishati ambazo makampuni ya umeme yanaweza kuzihesabia katika malengo yao. Inapokwama ni laini ya umeme, kisima kilicho maili kadhaa ndani ya msitu hakina, na kuijenga ni kukata miti zaidi. Kwahiyo jenereta inafaa pale gesi inapokusanyika mahali pamoja, karibu na majengo ya mgodi, sio kila kiwanja na injini yake.

Bomba la kuuza gesi sitalizungumzia sana. Migodi ya Alabama na Virginia imeuza gesi miaka mingi, lakini bomba linataka methani safi kabisa, juu ya asilimia 95 kwa kawaida, na gesi ya kifusi imejaa hewa, kuitoa hiyo naitrojeni ni ghali. Kama mgodi una gesi nyingi ya mlango wa tatu, ile safi, uliza. Kama hauna, usipoteze ukurasa.

Kupasha joto hewa inayoingia mgodini wakati wa baridi ni matumizi madogo lakini ya kweli, maana hewa ya milimani inagandisha maji kwenye mashimo na lazima ipashwe moto kwa kitu. Itaje, ila usikubali itumike kama jibu la kila kitu, hita inakula kiasi kidogo na kiangazi imezimwa.

Shimo la hewa ndo gumu na ndo linasahauliwa zaidi. Huwezi kuchoma hewa ya asilimia 0.5 kwa mwenge. Kuna mitambo inapitisha hewa hiyo kwenye vitanda vya kauri vilivyopashwa mpaka karibu nyuzi 1,000, methani inaungua yenyewe kwa joto lile na joto linabaki kwenye kauri linasubiri hewa inayofuata. Inahitaji kama asilimia 0.2 kwenda juu ili ijitegemee. Mgodi wa West Cliff kule Australia uliiunganisha na tabo (turbini) ya mvuke ya megawati 6 mwaka 2007, na Alabama mtambo wa namna hii uliwekwa kwenye mgodi unaofanya kazi mwaka 2009. Ni mikubwa, ni ghali, lakini inakaa mahali pamoja kwenye shimo ambalo tayari lipo, haiongezi barabara hata moja msituni. Hilo la mwisho ripoti nyingi hazilisemi.

Kutoboa mapema, kunyonya gesi kabla ya kuchimba. Ukipata gesi kabla hujavunja mwamba ni safi, unaweza kuitumia, na visima vya juu vinaweza kupungua. Uliza pia kama matundu yanaweza kupindishwa kutoka kiwanja kilicho nje ya eneo lisilo na barabara, yani eneo la msitu lililolindwa barabara zisijengwe. Sio kila tabaka la makaa linakubali, mengine yanabana gesi kama ngumi, lakini hilo lionyeshwe kwa vipimo vya tabaka lenyewe.

Kuna moja ambalo watu wa mazingira tunalisahau: usishinikize visima vinyonye kwa nguvu zaidi ukidhani ndo usalama. Kisima kikinyonya sana kinavuta oksijeni ipite kwenye kifusi, na makaa yaliyobaki humo yanaweza kujiwasha yenyewe. West Elk yenyewe ilisimama miezi kadhaa mwaka 2000 kwa moto wa chini ya ardhi. Mwendeshaji akikuambia nguvu ya kunyonya lazima ipimwe kwa uangalifu, mkubalie, anasema kweli.

Na mwisho kabisa wa orodha kuna kutochimba kipande fulani. Iweke. Ni njia halali, na kuna kipande kimoja kilishinda mahakamani kama utakavyoona.

Sasa weka msitu juu ya jedwali

Chora safu mbili kwa kila njia. Ya kwanza methani kiasi gani inazuiwa. Ya pili maili ngapi za barabara, viwanja vingapi, mabomba kiasi gani juu ya ardhi, na kwa miaka mingapi. Hapa ndo utaona njia zinapingana kwelikweli: kukusanya gesi ya visima kumi ipelekwe kwenye mwenge mmoja mkubwa kunapunguza mitambo lakini kunalaza mabomba msituni, mienge midogo ya trela inaondoa mabomba lakini inataka gari lifike kila kiwanja kuikagua. Mi siwezi kukuambia ipi ni bora bila kuona ramani. Lakini kama barabara ya kwenda kisimani ilishajengwa kwa ajili ya mtambo wa kutoboa, trela ya mwenge inapita barabara ileile, hakuna mti mpya unaokatwa kwa sababu yake. Jambo la wazi hivi nimewahi kulitafuta kwenye ripoti moja kuanzia jedwali la kwanza mpaka viambatisho nisilipate.

Angalia pia hadhi ya eneo. Kanuni ya 2001 ya maeneo yasiyo na barabara ililinda ekari milioni 58.5 za misitu ya taifa, Colorado ikapata kanuni yake 2012, na ndani ya hiyo ya Colorado kukawa na ruhusa maalum kwa makaa ya North Fork, ekari kama 19,000, ili barabara za muda zijengwe kwa ajili ya hivi visima tunavyovizungumzia. Yani barabara zile zilikuwa za methani. Ukiipunguza haja ya kisima umepunguza haja ya barabara, ndo maana nasema aya mbili za methani zisisomwe kama kiambatisho.

Visingizio utakavyokutana navyo

"Gharama za hali ya hewa haziwezi kukadiriwa." Mwaka 2014 jaji R. Brooke Jackson wa mahakama ya shirikisho ya Colorado alikutana na hili kwenye kesi ya mikataba ya ziada ya West Elk, ekari kama 1,720 katika eneo la Sunset. Wakala wa serikali walikuwa wamehesabu faida za makaa kwa dola lakini upande wa hasara wakasema haiwezekani, wakati rasimu yao wenyewe ilikuwa na hiyo hesabu kabla haijaondolewa. Jaji akakataa, ukihesabu faida kwa dola toa sababu ya maana ya kutohesabu hasara. Kwahiyo kazi yako: tafuta jedwali la ajira na mapato, likiwa na dola, uliza jedwali la pili liko wapi.

"Gesi sio mali yetu." Hiki kina mizizi ya kweli. Mkataba wa makaa kwenye ardhi ya shirikisho haumpi mchimbaji gesi moja kwa moja, na Mahakama Kuu ya Marekani, ile ya juu kabisa, mwaka 1999 katika kesi ya Amoco na kabila la Southern Ute ilisema makaa ya kwenye sheria za 1909 na 1910 hayakujumuisha gesi iliyomo ndani yake. Lakini mkataba unaweza kurekebishwa, BLM ambao ndo wanatoa mikataba ya madini ya shirikisho walirekebisha mkataba wa West Elk mwaka 2009 ili gesi iweze kukamatwa. Basi usiseme "wakamate gesi" ukaishia hapo, sema "rekebisheni mkataba, ifanyeni kuwa sharti la mkataba mpya".

"MSHA hawajaidhinisha." Uliza kama waliombwa. Kibali ambacho hakijaombwa hakijakataliwa.

"Tutaliangalia hatua ya baadaye." Hiki ndo hatari kuliko vyote kwa sababu kimeshawahi kushinda. Tarehe 2 Machi 2020 mahakama ya rufaa ya kanda ya 10 ilitoa uamuzi kuhusu North Fork. Ilisema shirika la misitu lilivunja sheria kwa kutochunguza kwa kina njia ya kuliacha eneo lisilo na barabara la Pilot Knob nje ya ile ruhusa ya makaa, sababu walizotoa hazikusimama. Lakini kuhusu mwenge wa methani mahakama iliwakubalia wakala kwamba hawakulazimika kuuchunguza kwa kina kwenye hatua ya mikataba. Nilipousoma iliniuma, lakini kuna la kuokota: njia iliyo wazi, yenye mpaka kwenye ramani, ilishinda, na njia iliyohitaji taarifa za kiufundi ikaonekana inaweza kusubiri. Kwahiyo ukitaka mwenge uchunguzwe mapema leta taarifa hizo mapema, asilimia za gesi za visima vya jirani, aina ya mwenge, kikomo cha kuzima, trela itapita wapi.

Na siku hizi ndo inahitajika zaidi. Sheria ya NEPA, ile inayodai hizi ripoti za athari za mazingira, ilivyorekebishwa 2023 inataka njia mbadala zinazowezekana kiufundi na kiuchumi, ripoti ya kawaida imewekewa kikomo cha kurasa 150, na uamuzi wa Mahakama Kuu wa Mei 2025 katika kesi ya Seven County unawataka majaji wawape wakala nafasi kubwa. Hoja ya jumla jumla haitafika popote.

Kuandika maoni yenyewe

Andika kwa kila wakala kazi yake. Shirika la misitu linasimamia uso wa ardhi, BLM mkataba, OSMRE (ofisi ya shirikisho inayosimamia migodi ya makaa) mpango wa uchimbaji, jimbo kibali cha mgodi na hewa, MSHA usalama. Ukimwomba shirika la misitu aidhinishe mwenge mgodini atakujibu sio kazi yake na faili limefungwa, ila ukimwomba auchunguze kama njia mbadala na aweke masharti ya kiwanja, hilo ni lake.

Sentensi zako ziwe za namna hii: "Ukurasa wa 61 unasema kuchoma gesi hakuwezekani kwa sababu kiwango cha methani hubadilika. Jedwali la kisima kwa kisima halipo. Tunaomba muonyeshe siku ambazo gesi ya kila kisima inatarajiwa kuwa juu ya asilimia 30, na mlinganishe mwenge uliofunikwa wa kuhamishika kwa siku hizo." Ona, hakuna matusi, hakuna hotuba, kuna ukurasa, kuna kinachokosekana, kuna ombi linaloweza kutekelezwa. Ambatanisha hesabu yako ya tani na useme umetumia kipimo gani. Ambatanisha ramani hata ya kuchora kwa mkono ikionyesha viwanja na barabara iliyopo.

Tuma kabla ya siku ya mwisho na kwa jina lako, maana kwenye misitu ya taifa haki ya kupinga rasimu ya uamuzi baadaye wanapewa wale walioandika maoni mahususi kwa wakati, na usilolitaja sasa utalitafutia mlango baadaye usiupate. Ukipata namba ya kupokelewa ihifadhi, piga picha ya skrini kabisa.